Wakaguzi Wasioingia Ndani

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nitakayoyasema yalimkuta Ngwali wa Haji, mtu na akili zake na cheti chake cha ukaguzi wa majengo, katika nchi iitwayo Usoni. Njia aliyopita msiniulize. Nchi za namna hiyo mtu haendi kwa ramani. Hushtukia tu amefika, akitazama huku na huku anaona pote kama anapajua.

Ngwali alikuwa na mke, Mize binti Othmani, na nyumba ya vyumba viwili aliyorithi kwa baba yake. Kazi hakuwa nayo. Alizunguka ofisi zote za kwao mpaka soli zikatoboka, na kila ofisi ilimpa jibu moja: tunamtaka mwenye uzoefu. Akiuliza huo uzoefu unapatikana wapi kama si kazini, wanamtazama kama katukana. Mwisho akamwambia mkewe, "Mize, nakwenda kutafuta. Nikipata nitakuja kukuchukua." Mize hakulia, si mtu wa machozi ya karibu. Alimfungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, akampa na ufunguo wa mlango wa mbele. "Huu chukua," akamwambia. "Sitaki siku ukirudi upige hodi kwako kama mgeni."

Basi huyo, Usoni.

Loo, mji ule! Kila ukuta uliotazama njia ulipakwa chokaa nyeupe hata macho yanauma. Milango imechongwa maua na mikufu, imepigwa misumari ya shaba inayong'aa kama imetoka kusuguliwa sasa hivi. Ngwali, mtu wa majengo, alisimama katikati ya njia roho ikamsuuzika. Mara akamwona mwanamke anatoka mlangoni, kainama kama anayetoka pangoni, na kabla mlango haujafungwa nyuma yake Ngwali akaona ndani. Miti mitupu! Miti ya kuegemezea dari, imesimamishwa huku na huku, mtu hapiti ila kwa kujipinda. Watu wa Usoni walijua fika kwamba boriti zao zimeliwa na mchwa. Wakiingia hujikunja, wakitoka hujinyoosha na kutabasamu, na habari za ndani hazisemwi. Nyumba ikianguka hawasemi imeanguka, wanasema imekaa. "Ya jirani yangu imekaa jana," na hupeana pole, wakaendelea na safari zao.

Penye lango la mji palikuwa na tangazo ukutani. Wanatakiwa wakaguzi wa majengo. Awe na macho ya kuona mbali. Awe na shingo isiyochoka. Awe mvumilivu wa jua na mvua. Asiwe na kwao. Ngwali akalisoma hilo la mwisho, akalirudia, akajiambia labda mwandishi kakosea.

Hakukosea. Ofisi ya Ukaguzi yenyewe haikuwa na paa. Ni uwanja mtupu, viti vimepangwa juani, na wakaguzi wamekaa wakiwa wamechomwa na jua mpaka sura zimefanana. Siku hiyo Mkaguzi Mkuu, Mwinyi Kondo, alikuwa ameshuka kutoka kilimani anakoishi ili awapokee waombaji. Mzee wa haiba, kanzu imepigwa pasi ikakaa, lakini akizungumza na mtu hamtazami yeye. Hutazama nyuma yake, mbali huko.

"Cheti kizuri," akasema bila kukigusa. "Umesoma. Si kitu, utasahau taratibu. Nijibu hili: mkaguzi huingia nyumbani mwa watu?"

"Huingia, mzee wangu. Asipoingia atakaguaje?"

Uwanja mzima ukaguna. Mwinyi Kondo akainua mkono, kwa huruma, kama mtu anayemnyamazishia mtoto watu wanaomcheka.

Akamweleza. Zamani wakaguzi wa Usoni waliingia ndani. Na Usoni, kama kwetu, mgeni haachwi akatoka mdomo mkavu. Atapewa kahawa, atapewa halua, akikawia atapakuliwa wali. Sasa mtu amekula chumvi ya watu akashiba, anatoka vipi hapo akawaambia nyumba yenu mbovu? Uso huo anautoa wapi? Ikawa kila nyumba inayokaguliwa ni nzuri, na kila siku nyumba zinakaa juu ya wenyewe. Baraza likaitishwa. Mmoja akashauri watu wakatazwe kukirimu wageni. Akazomewa mpaka akakaa chini, kwani hii ni nchi ya washenzi? Mwingine akashauri wakaguzi wafunge saumu daima. Mwisho ikapita hii ya sasa: mkaguzi asiingie. Asiingie nyumba yoyote hata yake, maana mtu anayelala chini ya dari huzionea huruma dari zote. Atakagua kwa nje, atakula nje, atalala nje.

"Na mvua?" Ngwali akauliza.

Hapo Mzee akachangamka, maana suala la mvua lilikuwa fahari ya Baraza. Lilijadiliwa masika nzima, likapumzishwa, likajadiliwa masika nyingine. Mwavuli ni paa au si paa? Waliosema ni paa walikuwa na hoja nzito, waliosema ni nguo walikuwa na hoja nzito, na wote walikuwa wamelowa chapachapa. Ikaamuliwa kwamba mwavuli alioushika mtu mwenyewe ni nguo yake. Mwavuli alioshikiwa na mwenzake ni paa, na mkaguzi akionekana chini yake kazi hana.

"Na kupanda cheo?"

"Cheo hapa ni umbali," akasema Mwinyi Kondo. "Mkaguzi mdogo huitazama nyumba kutoka ng'ambo ya njia. Akifanya vizuri huitazama kutoka mwisho wa mtaa. Akizidi hupelekwa kilimani. Mimi, alhamdulillahi, nimefika mahali ambapo siioni nyumba hata moja. Naona weupe tu. Na mtu akistaafu," sauti ikashuka, ikawa sauti ya mtu mwingine kabisa, "hupewa paa. Nyumba, kijana wangu. Na kitanda ndani, na mlango wa kufunga kwa ndani."

Wakaguzi wote wakainamisha vichwa. Ngwali akasikia mtu nyuma yake akivuta pumzi ndefu.

Kazi aliitaka, jamani. Ameitafuta mpaka miguu imevimba, na hapa hakuna aliyemwuliza habari ya uzoefu. Likabaki jambo moja wanaloliita kuaga kizingiti. Walichora mstari mchangani, wakamwambia auvuke kinyumenyume, aseme, "Sina kwetu," kisha atoe ufunguo wake. Ngwali akauvuka mstari. Mawazoni akamwona Mize pale mlangoni na kile kitambaa cha mkate, akajisemea moyoni kwamba ni neno tu, mtu husema maneno mangapi ili apate kula. Akalisema. Ufunguo ukatiwa katika sufuria pamoja na funguo za wengine, maana Usoni funguo za wakaguzi huyeyushwa zikafuliwa misumari ya shaba ya kupambia milango ya watu. Aliusikia ulivyolia kwenye sufuria.

Aliwekwa chini ya Bi Kidawa ajifunze kazi mpaka atakapopewa kigoda chake, maana mkaguzi aliyekubaliwa hupewa kigoda cha kukalia njiani, na hicho ndicho ajira yenyewe.

Bi Kidawa alikuwa mwanamke wa makamo anayekaribia uzee, mrefu, mkavu, mwenye ulimi. Kigoda chake kilikuwa ng'ambo ya nyumba moja ya zamani katika mtaa wa washona kofia, na hapo hakuwahi kuhama. Wenzake aliokuwa nao zamani walikuwa kilimani wote. Yeye kila akipandishwa cheo hukataa.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, baba. Kaa hapo chini, usinizibie. Wewe ndiye uliyesema mkaguzi huingia?"

"Ndiye mimi."

"Basi nyamaza, tusije tukafukuzwa sote kwa kinywa chako."

Akamfundisha. Ufa ukienda wima ni wa kupuuzwa, ukienda mshazari ni wa kupakwa chokaa, ukipitisha mkono ni wa kupakwa chokaa haraka. Jawabu la kila ugonjwa lilikuwa chokaa. Nyumba iliyokaa huandikiwa juu ya ubao, "Mpaka jana ilikuwa nzima," na huo ni ukweli mtupu, hakuna wa kuupinga.

Ila jambo lililomshangaza Ngwali lilikuwa la kila alasiri. Jua likipungua, dirisha la ile nyumba ya ng'ambo lilifunguliwa, akatokeza bibi mmoja mdogo, mweupe wa nywele, kajitanda kanga. Akaweka kikombe cha kahawa kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa njiani. Moshi unapanda, harufu ya tangawizi inavuka njia mpaka waliko wao.

"Jua kali leo, mwanangu," bibi akasema.

"Kali, mama," akajibu Bi Kidawa. "Jioni kutapoa."

"Kutapoa, inshallah."

Basi. Sheria inaruhusu mkaguzi na mwenye nyumba kuzungumza hali ya hewa, si zaidi. Kikombe kikakaa. Bi Kidawa akakitazama, hakwenda. Moshi ulipokwisha bibi akakichukua, akainywa ile kahawa iliyopoa, polepole, huku akimtazama binti yake, kisha akafunga dirisha.

"Yule ni..." Ngwali akaanza.

"Mama yangu. Bi Chausiku. Usiniulize kitu sasa hivi."

Kesho yake ndipo alipomwambia, bila kuulizwa, akiwa ameuelekeza uso kule kule kwenye dirisha. "Mimi nilizaliwa mle. Baba yangu nyumba ilimkalia mle mle, chumba cha nyuma. Na ilikuwa imekaguliwa wiki hiyo, baba. Mkaguzi alikuja, akakirimiwa, akala kwetu akashiba, akasema nyumba nzima hii. Tukaijenga tena. Baraza lilipotunga hii sheria ya kutoingia, mimi nilikuwa msichana, na aliyepiga makofi kuliko wote ni mimi. Nikasema nitakuwa mkaguzi asiyekula kwa watu. Nikaaga kizingiti mama yangu akiwa amesimama ndani ya mlango. Nilijua ninaacha nyumba. Sikujua kama ninaacha na hicho kikombe."

"Na cheo unakataa kwa nini?"

"Nikienda mwisho wa mtaa simwoni usoni. Nikienda kilimani siioni hata nyumba." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kikombe kile nimekikagua kuliko jengo lolote la nchi hii. Kina ufa penye mkono wa kushikia. Hakikuwa nao zamani. Mvua hizi zikipita nastaafu, nitapewa paa, nitakwenda kumchukua mama, nitamchemshia kahawa mimi. Nimeshafikiria mpaka pa kuweka jiko."

Ngwali naye alikuwa na yake. Usiku wale wakaguzi walilala uwanjani safu kwa safu, na yeye alijikuta akinyoosha mkono pembeni kutafuta ukuta, maana kwao kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani na Mize alilala upande wa nje. Mkono ukikosa ukuta anaamka. Alimtamani Mize, akatamani hata lile paa lao linalovuja na bakuli walilokuwa wakiliweka chini ya tone. Akajifariji kwa kigoda. Nikipata kigoda, akasema. Kigoda kikipatikana kutajulikana la kufanya.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Alasiri moja Bi Chausiku alifungua mlango wa mbele amwage maji ya kufulia. Mlango ukalia, kwaaa, ukakwangua sakafu, ukakwama nusu. Bi kizee akausukuma kwa nyonga ukaenda.

Bi Kidawa akasimama juu ya kigoda.

"Umesikia?"

Ngwali alisikia, na cheti chake chote kikamrudia kichwani. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukaanza kukwangua, ujue kilicho juu yake kimeshuka. Boriti ya mbele imechoka, inaulalia mlango, na mvua ikiloweka dari itamalizia.

Wakapanda kilimani wakakimbilia Baraza. Bi Kidawa alieleza akihema, na Baraza likamsikiliza kwa adabu zote. Kisha likaanza.

"Ufa umeuona?" Mwinyi Kondo akauliza.

"Sikuuona. Chokaa ni mpya. Nimesikia mlango."

"Umesikia." Akawageukia wenzake. "Mkaguzi hukagua kwa jicho. Sikio huingia ndani ya nyumba za watu bila hodi. Tukilikubali sikio, tofauti yetu na jirani mmbea ni ipi?"

Mmoja akauliza kama mlango uko ndani au uko nje. Mwingine akajibu ukifungwa uko nje, ukifunguliwa uko ndani, na huu ulilia ulipokuwa unafunguliwa. Wakasifiana. Wakataka kujua kama mwenye nyumba ni ndugu wa mkaguzi. Bi Kidawa akasema ni mama yangu. Wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakamkumbusha kwamba yeye hana kwao, kwa hiyo hawezi kuwa na mama mwenye nyumba. Ikaamuliwa kwa pamoja: nyumba ipakwe chokaa.

Walipokuwa wanatoka, Mwinyi Kondo akamwita Ngwali pembeni. "Kesho kigoda chako kitakuwa tayari. Usikae karibu na huyu mama siku zake hizi za mwisho kazini. Asije akaharibu vya watu wawili."

Wapaka chokaa wakaja mara moja, siku ile ile, kazi ya Usoni haicheleweshwi. Walipomaliza ukuta unawaka. Na wingu limeshafunga, jeusi, tone la kwanza na la pili. Dirisha likafunguka, kikombe kikawekwa.

"Mvua inakuja, mwanangu," akasema Bi Chausiku.

Bi Kidawa alivuka njia. Alisimama chini ya dirisha, karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu ujana wake, mikono imebanwa kifuani. "Mama, toka. Nakuomba. Boriti ya mbele inashuka. Toka sasa hivi, mama yangu."

Wapita njia wakasimama. Mkaguzi anazungumza habari za ndani, mchana kweupe!

"Najua inashuka," bibi akasema. "Unga wa mchwa nafagia kila asubuhi."

"Sasa mbona hukumwita fundi? Mtaa mzima wana miti ya kuegemeza! Fundi yuko hapo pembeni!"

Bi kizee akamtazama. "Fundi wa nini? Fundi angetengeneza, mlango ungefunguka vizuri, na wewe ungekaa juu ya kigoda chako mpaka nife. Nilisema, akisikia nyumba inalia atakuja. Na desturi yetu unaijua, Kidawa. Mtu mzima hatolewi kwake kwa kuitwa njiani. Hutolewa kwa kushikwa mkono."

Ni kweli, ndiyo desturi ya Usoni. Mzee anayehama nyumba lazima aingiliwe ndani, ashikwe mkono, avushwe kizingiti na wa kwake. Pasipo na wa kwake hubaki.

Bi Kidawa aliugeukia mtaa. Akavitazama vile vigoda na watu waliokuwa juu yake, akamtazama Ngwali, uso mzima unamcheza. Mvua hizi tu zipite, akawaza, na paa, na jiko mahali pake. Kisha akausukuma ule mlango kwa bega, ukalia kwaaa, akaingia.

Ngwali akabaki njiani na mwavuli wake. Akangoja watoke. Hawatoki. Akasikia kikombe kinateremshwa kutoka dirishani, akasikia mkeka unakung'utwa, akasikia mtu anakunywa. Halafu kilio cha chini chini, na sauti ya Bi Kidawa, laini, sauti ya mtoto wa kike: "Nyumba nzuri, mama. Haina neno. Nyumba nzuri kabisa."

Masikini! Kaonja chumvi ya kwao. Ile sheria ya kipumbavu ilikuwa na chembe ya haki. Bi Kidawa mwenyewe, bingwa wa nyufa, kakaa chini ya boriti inayovunjika na hawezi kuisema vibaya. Ngwali alicheka huku machozi yanamtoka, na juu ya mlango chokaa mbichi ikaanza kupasuka mshazari.

Alikiwazia kile kigoda. Nasema kweli, alikiwazia, hakuwa malaika. Kesho tu. Hana ufunguo, hana kwao, na kigoda ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho duniani, na bado hajakikalia. Kisha akafunga mwavuli akaingia.

Ndani palikuwa na giza la jioni ya mvua na harufu ya tangawizi. Dari! Hakuwa chini ya dari tangu aliyoiacha. Mvua inapiga juu na wewe hulowi! Mama na binti wamekaa mkekani wameshikana mikono, na juu yao boriti imepinda, unga unamwagika taratibu mabegani mwao.

"Karibu, baba," Bi Chausiku akamnyooshea kikombe. "Karibu kahawa. Mvua hiyo, kaa upate joto."

Wallahi, hapakuwa na kitu Ngwali alichokitaka kama kukaa pale. Kukaa tu, kuulizwa habari za safari, kuambiwa ongeza. Mkono ukainuka wenyewe kukipokea. Akaurudisha.

"Ahsante, bibi yangu. Sinywi. Nyumba hii mbovu."

Bi Kidawa akashtuka kama kapigwa kofi. Katika Usoni hapajasemwa neno baya kama hilo mbele ya mwenye nyumba. Lakini bi kizee akaangua kicheko, akaweka kikombe chini. "Hatimaye," akasema, "mkaguzi!" Akampa binti yake mkono. Bi Kidawa akainuka, akamshika, wakajipinda chini ya ile boriti wakitafuta mlango, Ngwali nyuma yao ameutegemeza mlango kwa mgongo, na mama akavushwa kizingiti na wa kwake.

Wakafika katikati ya njia. Nyumba ikakaa. Haikufanya kishindo kikubwa, ilishusha pumzi tu kama mtu aliyesimama muda mrefu. Vumbi lilipotulizwa na mvua, watu wakaona ukuta wa mbele umesimama vile vile, mweupe pe, na mlango wake na misumari yake, na nyuma yake hakuna kitu. Kutoka kilimani Mwinyi Kondo alitazama upande ule, akaona weupe, akatuma neno: nyumba nzima.

Mvua ilikuwa inamwagika sasa. Mama na binti wamesimama wamekumbatiana, wanalowa, hawajali. Ngwali akafungua mwavuli, akaunyoosha juu yao wote wawili, yeye mwenyewe akabaki mvuani. Mtaa ukapiga ukelele mmoja: "Ameezeka!" Bi Kidawa akatazama juu, akaona kitambaa cheusi kimetandazwa na mvua inalia juu yake, na mkono unaoushika si wake. Paa, kwa sheria ya nchi ile. Akamvuta mama yake katikati zaidi, asilowe bega.

Vigoda vyao, vya wote wawili, vilipelekwa jikoni kwa Baraza vikawashiwa moto, ila Baraza halina jiko la ndani kwa hiyo vilizimika mvuani. Bi Kidawa na mama yake walijenga banda nyuma ya ule ukuta mweupe, na mpaka leo hakuna anayewasumbua, maana kwa nje nyumba imepita ukaguzi. Walimwomba Ngwali abaki nao. Akala kwao, safari hii akanywa kahawa akaongezwa, kisha akaaga.

Akafika kwake mchana, jua la utosi. Mlango ule ule. Akatia mkono mfukoni kwa mazoea, akatoka mtupu. Basi akafanya lile aliloambiwa asilifanye.

"Hodi."

Sauti ya Mize ikatoka ndani. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mwenye nyumba hii ana ufunguo."

"Ufunguo sina tena, Mize. Kazi pia sina. Nimekuja hivi hivi."

Alisikia komeo linavutwa. Kisha mlango ukalia, kwaaa, ukakwangua sakafu, ukakwama nusu. Katika ule uwazi akamwona mkewe, kakonda kidogo, kanga kichwani. Jicho la Ngwali likapanda lenyewe mpaka juu ya mlango.

"Umeanza kugoma lini huu?"

"Tangu mvua za mwanzo."

"Na fundi yuko nyumba ya tatu hapo. Mbona hukumwita?"

Mize alimtazama tu, mkono kaushika mlango, na machozi, mtu yule asiye na machozi ya karibu, yakaanza kumtoka.

Ngwali akatia bega. Mimi nimewafikisha mpaka mlangoni. Ya ndani ni ya wenyewe.